Takbira Nne Kwenye Uwanja wa Gofu

Wanazuoni hawakuafikiana kuhusu idadi ya watu inayotosha kusimamisha swala ya Ijumaa. Kwa Mashafii, ambao ndio wengi wetu Uganda, kauli mashuhuri ni wanaume arubaini. Wamaliki hutosheka na kumi na wawili. Wahanafi hutaka watatu pamoja na imamu wao. Ila katika madhehebu haya hakuna linalosema kwamba mtu peke yake anatosha. Aliye peke yake siku hiyo huswali adhuhuri, rakaa nne, bila hotuba. Somo hili nimelifundisha miaka mingi katika shule ya msingi hapa Arua, na watoto hulikariri kwa sababu hutoka kwenye mtihani. Kisha ikaja tarehe 18 Machi 2020, Rais akatangaza kwamba nyumba zote za ibada zifungwe kwa sababu ya korona, na idadi zile zikawa swali lililoingia hadi sebuleni kwangu.

Ijumaa ya kwanza mume wangu alioga, akavaa kanzu, akatandika mkeka karibu na kabati la vyombo. Alipotoa salamu hakuinuka. Alikaa pale hadi nikampelekea chai.

"Mama watoto," akasema, "nahisi kama sijaswali."

Sikumjibu, maana jibu lililonijia lingemuumiza na hakustahili kuumizwa. Mimi ni mwanamke. Ijumaa haikuwahi kuwa wajibu wangu. Pale karibu na kabati la vyombo nimeswali tangu nilipoolewa nikaja kukaa Tanganyika Ward, mara nyingi sufuria likiwa jikoni na mtoto akinivuta kanga. Kama swala ya mtu peke yake huacha pengo, basi pengo hilo tumeishi nalo wanawake umri wetu wote. Na kama haiachi pengo, mume wangu alikuwa analilia nini? Hadithi iliyo sahihi inasema swala ya jamaa inaizidi ya mmoja kwa daraja ishirini na saba, na mimi siitilii shaka. Nilitaka kujua daraja hizo zimo katika nini. Je, ni mabega kugusana? Ni imamu? Au ni jambo lingine ambalo msikiti hulikusanya, lakini linaweza kupatikana pia mahali pengine?

Swali hilo nililibeba kwa miguu. Daktari alikuwa ameniagiza nitembee kila siku kwa ajili ya sukari, na magari yalipopigwa marufuku mwishoni mwa Machi, mji mzima ulikuwa unatembea kwa miguu vilevile. Mimi nilichagua uwanja wa gofu ulio katikati ya mji. Wacheza gofu hawakuwepo, na nyasi zilikuwa zimeanza kuota kwa mvua za Aprili. Asubuhi baada ya mvua ya usiku ungekuta mbawa za kumbikumbi zimetapakaa kwenye vijia, na maembe machanga yamedondoka chini ya miembe bila mtoto wa kuyagombania. Wiki hizo hizo Rais alipiga marufuku watu kukimbia mazoezi barabarani, akatoa video akionyesha namna ya kufanya mazoezi ndani ya nyumba. Kwa hiyo nilitembea pole pole, na kikapu mkononi, kwani nikitoka hapo nilipitia sokoni. Saa moja jioni ilikuwa kafyu. Mimi nilitoka alfajiri ikishapambazuka, nikazunguka peke yangu, nikisoma nyiradi kwa sauti ambayo sikuwa na haja ya kuishusha.

Nitasema wazi kwamba niliipenda saa ile. Mwanamke wa rika langu, mwenye watoto, wakwe na darasa la wanafunzi themanini, huwa hapati saa ya kuwa peke yake mpaka augue. Humo uwanjani dhikri ilinijia nzima, haikukatwa na mtu wa kuuliza chumvi iko wapi. Kuna asubuhi nilizohisi Mwenyezi Mungu yu karibu kuliko nilivyopata kuhisi katika swala yoyote.

Lakini jirani yetu, bibi wa Kilugbara, Mkristo wa Ediofe, hakupendezwa. Alinisubiri kwenye ua wake.

"Mwalimu, kila siku unakwenda peke yako?"

"Ndiyo, bibi. Ni mazoezi."

"Mazoezi, sawa. Lakini mtu haendi peke yake kila siku mahali pamoja. Chukua hata mjukuu wangu."

Kulikuwa na woga wa kale katika maneno yale, nami naufahamu, kwa kuwa sisi Wakakwa wa Koboko tumeishi na Walugbara tangu zamani na Mlima Liru wanautaja katika simulizi za wazee wao kama tunavyoutaja sisi katika zetu. John Middleton, Mwingereza aliyekaa na Walugbara mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliuandika woga huo katika kitabu chake Lugbara Religion cha mwaka 1960. Kwa wazee aliowasikiliza, Mungu alikuwa na pande mbili: Muumba aliye juu mbinguni, mbali na watu, na upande wa pili ulio karibu, kwenye mito na vichaka, ambao aliye peke yake huweza kukutana nao na akadhurika. Na anayependa kwenda peke yake, hasa usiku, alishukiwa uchawi. Binadamu mwema alikuwa yule aliye nyumbani na jamaa zake, anakula nao na kuzika nao.

Mimi ni Muislamu, na siamini kwamba Mungu ana upande wa kudhuru uliojificha mtoni. Hata hivyo bibi alikuwa ameona jambo ambalo vitabu vyangu vya fikihi vinaliona pia: mtu akijitenga, walio nyuma wana haki ya kuuliza amejitenga kwa nini, na kwa gharama ya nani.

Imamu Ghazali aliliandikia suala hili kitabu kizima ndani ya Ihya, kazi yake kubwa: ni kitabu cha adabu za kujitenga na watu. Hakuwa akisema kwa kusikia. Mwaka 1095 aliacha kiti chake cha ualimu Baghdad akaenda Damascus, na huko alikuwa akijifungia siku nzima katika mnara wa msikiti mkuu. Anapima kama mfanyabiashara mwaminifu. Kujitenga kunakuepusha na kusengenya, na ria, na ugomvi wa watu. Kunakupa nafasi ya ibada na kufikiri. Kuchanganyika kunakupa elimu, kunakufunza subira, na kunakupa thawabu za kuwatembelea wagonjwa na kuhudhuria mazishi. Hatimaye hatoi hukumu moja kwa wote. Anasema hutegemea mtu na hali yake. Namheshimu kwa uaminifu huo. Ila kila nilipozunguka uwanja nilikumbuka anachokieleza mwenyewe kuhusu safari yake: kabla ya kuondoka aligawa mali yake, akabakiza ya kuwatosha watoto wake. Kwa hiyo kulikuwa na watu nyumbani waliosimamia maisha ili yeye awe mnarani. Na mimi uwanjani je? Uji wa watoto asubuhi ile ulikuwa unakorogwa na binti yangu mkubwa.

Ramadhani iliingia mwisho wa Aprili. Tarawehe tuliswali nyumbani, mume wangu akiwa imamu, wanawe na mimi nyuma yake, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nilikuwa maamuma wake usiku baada ya usiku. Katikati ya mwezi huo simu ikapigwa kutoka Koboko. Shangazi yangu amefariki.

Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni mwaka 1980, jeshi lilipoingia Nile Magharibi na watu wa Koboko wakakimbilia Sudan na Zaire. Tulivuka upande wa Kaya tukiwa kundi kubwa la watu na mbuzi, na miaka ya ukimbizini yeye ndiye aliyekuwa mama yangu. Kutoka Arua hadi Koboko ni lami tupu, kilomita hamsini na kidogo. Siku nyingine ungepanda teksi asubuhi ukamwahi marehemu kabla hajaoshwa. Lakini magari hayakuruhusiwa, na mazishi yalikuwa ya watu wachache wa karibu tu. Alizikwa siku ile ile kabla ya magharibi, kama sunna inavyotaka, na wanaume wachache wakamswalia.

Swala ya jeneza ni fardhi kifaya. Wakiitekeleza baadhi, jukumu limewaondokea wote. Wakiiacha wote, wote wana dhambi. Hili nalo nililifundisha miaka mingi. Asubuhi ya pili nikiwa uwanjani nilielewa maana yake kwa mwili: wale wachache walikuwa wamesimama kwa niaba yangu, na mimi nilikuwa na deni kwao. Mashafii tunaruhusu kumswalia maiti asiyekuwepo, kwa kuwa Mtume alimswalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, akiwa Madina. Swala ya jeneza haina rukuu wala sijda. Ni kusimama, takbira nne, dua na salamu. Nikaweka kikapu chini, nikaelekea kibla. Kutoka Arua kibla ni kaskazini, umeegemea mashariki kidogo, na Koboko iko kaskazini. Nilikuwa nimeelekea Makka na upande wa kaburi lake kwa wakati mmoja. Mtu aliyepita mbali asingejua kama ninaswali au ninapumzika.

Swala ile ilikuwa sahihi, sina shaka. Iliniliza na ikanituliza. Lakini haikunitosha, na kutotosheka huko ndiko kulikonipa jibu la swali nililokuwa nalizungusha tangu Machi.

Wanawake wa Koboko hatufuati jeneza makaburini. Wanaume wakiondoka, sisi hubaki kwa mfiwa. Mmoja hufagia ua, mwingine huchota maji, wengine huinjika masufuria ya maharage na kusonga enyasa, ugali wetu, kwa ajili ya watakaorudi. Mfiwa hukalishwa kwenye mkeka katikati na haachwi peke yake hata anapokwenda msalani. Anayemjua marehemu husimulia. Asiyemjua humenya viazi. Hulala hapo siku tatu, wengine saba. Mtume mwenyewe, Jaafar bin Abi Talib alipouawa vitani Muta, aliagiza watu wa nyumba ya marehemu wapikiwe chakula, kwani limewafika la kuwashughulisha. Agizo hilo nimelisikia likitajwa kama adabu, jambo la pembeni, huku safu za wanaume makaburini zikitajwa kama ibada.

Mimi nasema mkusanyiko ule wa wanawake kwa mfiwa nao ni jamaa. Wana safu zao kuzunguka moto, wana wa kuongoza na wa kufuata, na aliyechoka hushikiwa mwiko na mwenzake. Lokdauni ilipofunga misikiti, mume wangu alipoteza Ijumaa yake na kila mtu akaliona pigo lile. Maimamu walilizungumza, redio zililizungumza. Mikeka ya matanga ilipokunjwa hakuna aliyesema kwamba jamaa imevunjwa. Binti za shangazi yangu walimlilia mama yao ndani ya nyumba iliyofungwa mlango, na majirani walioishi nao miaka arubaini wakiwachungulia kutoka uani, wanaogopa ugonjwa na wanaona haya kwa kuogopa.

Sisemi amri ile haikuwa ya haki. Khalifa Umar alipofika Sargh na kusikia tauni imeingia Sham, alirudi na watu wake, na hadithi inatuamrisha tusiingie penye tauni wala tusitoke. Kukaa kwetu mbali wakati ule kulikuwa kuwalinda wenzetu, na kwa hiyo nadhani kutembea kwangu peke yangu kulikuwa na sehemu ya ibada ambayo sikuijua nilipokuwa nafurahia tu ukimya. Kujitenga kulinifaa kwa sababu kulikuwa kwa ajili ya watu na kulikuwa na mwisho. Ghazali aliporudi Nishapur kufundisha mwaka 1106, naamini alirudisha sehemu ya deni lake.

Wilaya za mpakani, sisi tukiwamo, zilibaki zimefungwa hata baada ya kwingineko magari kuruhusiwa. Njia ilipofunguka nilipanda teksi yenye nusu ya abiria na nauli ya juu, nikaenda Koboko. Siku tatu za taazia zilikuwa zimepita zamani. Lakini wanafikihi wetu waliochukia taazia baada ya siku tatu walimtoa aliyekuwa hayupo: huyo akija, hata akichelewa, atoe pole yake. Nilipoingia tu uani binti za shangazi walianza kulia upya. Kabla ya adhuhuri wanawake wa jirani walikuwa wameingia mmoja mmoja bila kuitwa, mmoja na maharage, mmoja na kuni, na mafiga yakapangwa. Wengi wao nao walikuwa wanatoa pole kwa mara ya kwanza. Tulikaa hadi jioni.

Shekhe mmoja wa hapa Arua, mtu ninayemheshimu na aliyenisomesha, hakubali niite hilo jamaa. Anasema ni mila njema inayolipwa kwa nia, na kwamba daraja ishirini na saba zimetajwa kwa swala, basi zibaki katika swala. Nakubali kwamba zibaki huko. Ninachomuomba ni kwamba hotuba ya Ijumaa ikizungumzia tena kilichopotea mwaka 2020, itaje na mikeka ile, na waliokosa kukaa juu yake.