Macho ya mtoto ni amana, tusiyacheleweshe

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.). Katika Surat An-Nahl, aya ya 78, Mola wetu anatukumbusha kuwa tulizaliwa hatujui lolote, naye akatujaalia kusikia, kuona na nyoyo ili tumshukuru.

Ndugu Waislamu, wataalamu wa macho wanatueleza jinsi neema hii inavyokua. Mtoto mchanga huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, yaani kiasi cha kuuona uso wa mama anayemnyonyesha. Afikapo miezi mitatu hufuata kwa macho kitu kinachopita. Karibu na mwezi wa tano huanza kupambanua kilicho karibu na kilicho mbali. Lakini jicho peke yake halitoshi. Ubongo nao hujifunza kuona, na uwezo huo wa kujifunza hupungua sana mtoto afikapo miaka saba au minane. Ndiyo maana aliyezaliwa na mtoto wa jicho akicheleweshwa, anaweza kufanyiwa upasuaji na bado asione sawasawa.

Hapa ndipo penye msiba wetu. Utafiti uliofanywa hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2005, ulionyesha kuwa watoto wengi wenye tatizo hilo hufikishwa wakiwa wamechelewa, wengine zaidi ya mwaka.

Na hapa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma, maneno ni yale yale: "Litaondoka lenyewe." "Ni husda hiyo." "Tumsubiri baba yake arudi kutoka Ukerewe." Ni kweli Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa jicho la husda lipo, na kisomo ni Sunna. Lakini ni yeye huyo huyo aliyetuamrisha kutafuta tiba. Kisomo hakimzuii mtu kwenda Bugando, na kumkamulia mtoto majani jichoni si Sunna.

Basi mzazi, ukiona mboni nyeupe (huenda hata ikawa saratani), makengeza yanayoendelea baada ya miezi minne, au mtoto wa miezi mitatu asiyeufuata uso wako, mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo. Usimkoseshe chanjo ya surua wala matone ya vitamini A kuanzia miezi sita. Nawe baba unayekwenda ziwani, acha nauli na idhini nyumbani kabla hujaondoka.

Surat Al-Israa, aya ya 36, inatuonya kuwa macho yataulizwa. Je, kwa macho ya mtoto asiyeweza kujisemea, ataulizwa nani?

Wabillahi tawfiq.