Mwani Wetu na Vidonda Vyetu

Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alijeruhiwa usoni. Sayyidna Ali akimimina maji kwa ngao, na Bibi Fatma akiliosha jeraha. Alipoona kuwa maji yanazidisha damu, alichoma kipande cha jamvi, akaliweka jivu lake juu ya jeraha, na damu ikasita. Khabari hii imo katika Sahihi Bukhari.

Wako walioshika jivu tu katika kisa hiki. Mtu akijikata hukimbilia jikoni, na jivu chafu huweza kumtia pepopunda. Lakini Bibi Fatma alitazama, akaona njia ya kwanza haifai, akaibadilisha kwa kitu kilichokuwa karibu naye. Basi kumfuata ni kushika jivu, au ni kushika mwendo wake?

Tuchukue desturi yetu ya kuacha kidonda wazi kipigwe na upepo mpaka kifanye kigaga. Mwaka 1962 mtaalamu George Winter, wa Uingereza, alieleza majaribio yake juu ya ngozi ya nguruwe. Majeraha mepesi yaliyofunikwa yakabaki na unyevu yaliota ngozi kwa muda wa karibu nusu ya yale yaliyoachwa wazi. Asishtuke msomaji kwa kutajwa mnyama huyo. Elimu haiwi najisi. Ngozi mpya hutambaa kwa wepesi penye unyevu, na kigaga kikavu huizuia njia.

Ndiyo maana siku hizi hospitali hutumia dawa za kufunikia zinazohifadhi unyevu. Moja ni haidrojeli: ute mzito ambao sehemu yake kubwa ni maji, yaliyonaswa na nyuzi nyembamba mno, kama samaki wavuni. Nyuzi hizo huweza kutoka katika mwani wa kahawia, katika maganda ya kaa, au katika jelatini ya ngozi na mifupa. Na hapo Muislamu ana haki ya kuuliza ni ya mnyama gani.

Na mwani wetu je? Kilimo chake cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, kikaenea Pemba, na wakulima wengi ni wanawake. Hutolewa ndani yake karajinani, inayogandisha vyakula na dawa ya meno, na wataalamu wanaijaribu katika haidrojeli za vidonda. Simwambii mtu achemshe mwani ajipake. Mpaka usafishwe na upimwe ndipo uitwe dawa. Lakini tutafakari: mama zetu huinama majini wakati wa bamvua, miguu ikikatwa na mawe, na mwani waliouanika husafirishwa ng'ambo, wakautengeneze wengine.

Imam Ghazali aliuhesabu utabibu kuwa ni fardhi kifaya, akalalamika kuwa watu wamejazana katika mabishano ya fiqhi na miji imekosa tabibu Muislamu. Fardhi kifaya asipoitekeleza hata mmoja, dhambi ni ya wote. Basi tusimwone binti anayesoma kemia kuwa ameiacha dini. Huenda yeye ndiye anayetulipia deni letu. Na sisi tuliobaki tuoshe kidonda kwa maji safi, tukifunike kwa kitambaa safi, na mwenye sukari asichelewe kwenda hospitali.