Je, Gari Lililofanywa Upya ni Lile Lile?

Mjini Zama, katika mkoa wa Kanagawa nchini Japani, kampuni ya Nissan imeweka ghala kubwa la magari yake ya kale, na miongoni mwa mamia ya magari yaliyopangwa humo safu kwa safu, mengi yakiwa na rangi inayong'aa kana kwamba hayajapata kuguswa na vumbi, limo moja jekundu lenye boneti nyeusi ambalo bodi yake imejaa mibonyeo na mikwaruzo. Hilo ni Datsun 240Z, nalo ndilo lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, likiendeshwa na Edgar Herrmann na kuelekezwa njia na Hans Schüller, katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika ya zamani, wakati wa Pasaka, msimu ambao mvua za masika hugeuza udongo mwekundu kuwa tope lisilomhurumia dereva wala chombo. Lililolifuata kwa nafasi ya pili lilikuwa la namna ile ile, mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye naye mwaka 1973 alishinda kwa 240Z, baada ya kulingana alama na Harry Källström hata ikabidi waamuzi watazame ni yupi kati yao aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Mwaka 2013 wafanyakazi wa Nissan, kwa kujitolea kwao, walilishughulikia lile gari la 1971 hata likaweza kutembea tena kwa nguvu zake lenyewe. Na ile mibonyeo ingalipo.

Kwa nini ibakie, ilhali fundi wa bodi aliye hodari angeweza kuinyoosha yote na kulirudishia gari sura lililotoka nayo kiwandani? Katika jambo hili dogo, ambalo mpita njia angelidhania kuwa ni uvivu au ubahili, naona limefichika swali ambalo wanazuoni wamelikabili tangu zama za kale kwa majina mbalimbali: kitu kinabakia kuwa kile kile kwa sababu gani, na anayekitengeneza ana wajibu gani wa kusema kweli juu yake?

Wasiopata kumiliki gari la kale hudhani kwamba kulihifadhi ni kulifunika turubai na kulipangusa siku za sikukuu. Lakini 240Z, tangu ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1969 na kupelekwa Marekani kuuzwa kwa dola 3,526, bei iliyowashangaza waliozoea kulipa zaidi kwa magari ya mbio ya Ulaya, ilizaliwa pamoja na adui yake. Bati lake ni jembamba, wala halikupewa kinga ya zinki ambayo magari ya siku hizi hupewa. Maji makali ya betri hudondokea kitako chake na kulila bati taratibu. Mvua hupenya penye mipira iliyokauka. Na sakafuni, mahali ambapo kiwandani walibandika mikeka ya lami ili kuzima kelele za njia, unyevu ukishaingia chini ya lami hiyo hauoni jua wala hausikii upepo, basi kutu hufanya kazi yake miaka nenda miaka rudi pasina mtu kujua. Fundi mwenye maarifa hutandaza barafu kavu juu ya lami ile hata ikagandamana na kupasuka vipande vipande, akaibandua kwa patasi, na hapo ndipo mwenye gari hupata habari ya kweli ya mali yake: sakafu yenye matundu, reli mbili zipitazo chini yake zimeoza, vizingiti vya milango na matao ya magurudumu ya nyuma havina nguvu ya kushika hata rangi. Yote hayo hukatwa, na bati jipya likachomelewa badala yake. Injini nayo, ile ya silinda sita za mstari mmoja yenye sentimita za ujazo 2,393, hufunguliwa ikachongwa silinda zake, ikatiwa pistoni na beringi mpya. Kabureta zake mbili zilizoundwa na Hitachi hutiwa bushi mpya. Na kila chenye mpira, kutoka breki hata madirishani, hutupwa. Kazi inapomalizika, huenda ikawa imechukua miaka mingi na fedha iliyozidi thamani ya gari lenyewe, na mtu akiuliza ni kipi kilichobaki cha asili, akaonyeshwa paa, usukani, vioo viwili vitatu na kibati cha namba.

Wayunani walikuwa na hadithi yao katika jambo hili, na Plutarch ameisimulia: watu wa Athens walikihifadhi chombo cha shujaa wao Theseus, wakawa kila ubao unapooza wanautoa na kuutia mwingine, hata wanafalsafa wakagawanyika, hawa wakisema chombo ni kile kile na hawa wakikanusha. Karne nyingi baadaye Mwingereza Thomas Hobbes akaizidishia uzito, akauliza: je, ikiwa mtu aliziweka zile mbao kuukuu, kisha akaziunga upya kwa mpango wake wa kwanza, chombo cha kweli kitakuwa kipi? Darasani swali hili huonekana kama mchezo wa akili. Lakini katika ulimwengu wa magari ya kale ni jambo la kila siku, maana milango ya gari moja huuzwa na kutiwa katika la pili, injini yake katika la tatu, na wamiliki wote watatu kila mmoja akadai, tena kwa nia safi, kwamba analo gari lenyewe.

Imam Ghazali, ambaye alifariki mwaka 1111, alilikaribia jambo hili kwa mlango mwingine uliokuwa na uzito mkubwa zaidi. Katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa, Tahafut al-Falasifa, alipofika kwenye masuala ya kufufuliwa kwa miili, alikuta wapinzani wake wakihoji vipi mwili uliokwisha kuwa udongo, na udongo ukawa mmea, na mmea ukaliwa na mtu mwingine, utarejea kuwa mwili wa mwenyewe wa kwanza. Katika majibu yake alikumbusha jambo ambalo kila mtu analo mwilini mwake: kwamba binadamu tangu utoto hata uzee hukonda na kunenepa, chakula kikaingia na kutoka, viungo vikabadilika dhati yake, na pamoja na hayo yeye ni yule yule, kwa sababu utu wake hausimami juu ya nyama bali juu ya nafsi. Basi kama Mola atairejesha nafsi katika mwili, uwe wa mada ile au wa mada nyingine, aliyefufuliwa ni yule yule aliyekufa.

Hoja hii inamtuliza mwanadamu, lakini mwenye gari inamwacha njiani, kwa kuwa gari halina nafsi, na sioni heshima yoyote katika kusema kwamba linayo, kama wapenzi wengine wa magari wanavyopenda kusema. Basi ni nini kinachokaa mahali pa nafsi? Wako wanaojibu kuwa ni sura: ile boneti ndefu, ule mgongo unaoteremka hadi nyuma, mchoro uliosimamiwa na Yoshihiko Matsuo na wenzake. Lakini sura hiyo ni ya wote, kwani magari ya ukoo huo yaliyoundwa yalipindukia nusu milioni, na kwa sura hakuna moja linalotofautiana na jingine. Serikali, ambayo haina wasaa wa falsafa, hujibu kuwa ni namba ya chesisi iliyopigwa katika chuma. Na jibu hilo linatosha kwa kodi na bima, ila udhaifu wake huonekana mara moja mlangoni mwa mdanganyifu. Mwaka 1969 Nissan ilitoa pia Fairlady Z432, ya ukoo huo huo, yenye injini ya S20 ya gari la mbio la Skyline GT-R, ambayo kila silinda ilikuwa na vali nne, nazo kabureta zake zilikuwa tatu na kamshafti mbili. Yalitoka yapatayo 420 tu, na bei yake leo ni ya kumtia mtu tamaa. Anayeikata namba ya gari kama hilo lililoteketea na kuichomelea katika mwili wa gari la kawaida ameilinda namba na ameiua kweli, na hakuna anayejua jambo hilo ambaye atasema gari lililoteketea limefufuka.

Japani kwenyewe kuna mfano unaolipeleka swali mbali zaidi. Katika hekalu kuu la Ise, mkoani Mie, imekuwa ada tangu mwaka 690 kulijenga hekalu upya kila baada ya miaka 20, kwa mbao mpya, katika kiwanja kilicho kando ya kile cha zamani, na mara ya 62 ya kufanya hivyo ilikuwa mwaka huo huo wa 2013 ambao gari la Safari lilitengenezwa. Zilikuwako zama za vita vya wenyewe kwa wenyewe ambapo ada hiyo ilikatika kwa zaidi ya karne nzima, kisha ikaungwa tena. Hakuna ubao ndani yake ulio mkongwe, na hakuna Mjapani anayeona haya kusema kwamba hekalu ni lile lile. Na nguzo kubwa za jengo linalobomolewa hazitupwi, bali huenda zikasimama kuwa milango mitakatifu kwenye ncha za daraja la Uji. Lililo muhimu kwangu ni kwamba jambo lote hili hufanywa mchana, mbele ya watu, na hesabu yake hutunzwa: upya wa hekalu hautolewi kwa mtu kama ukale.

Hapo ndipo naamini jawabu lilipo. Kwa kitu kisicho na nafsi, kinachokishika kisipotee ni silsila isiyofichwa: nani alikuwa nacho, akakifanyia nini, kwa mkono wa nani, na kwa sababu gani. Wanazuoni wa hadithi waliijua siri hii kuliko mafundi wa dunia nzima. Habari waliipima kwa isnadi yake, mtu baada ya mtu, na msimulizi aliyeruka jina la dhaifu ili silsila ionekane safi walimwita mwenye tadlisi, na wakamhesabia kuwa ni aibu. Na neno hilo hilo mafakihi wakalitumia sokoni, kwa muuzaji anayefunika kasoro ya bidhaa yake, na katika hadithi zilizo sahihi imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni, akakuta chini yake kuna umajimaji ambao juu haukuonekana, akamkataza mwenyewe na kumtaka aweke kilicholowa juu ili watu wakione. Sijui mfano ulio karibu zaidi na pati iliyopakwa juu ya kutu na kupigwa rangi siku tatu kabla ya mnunuzi kufika.

Kwa mizani hii, mpango ambao Nissan ya Marekani iliufanya mwaka 1997, wa kuzinunua 240Z za zamani, kuzifanya upya na kuziuza tena kupitia kwa mawakala wake zikiwa na dhamana, siuoni kuwa ni udanganyifu, maana kila mnunuzi alijua anachokinunua. Walakini najuta kwamba kwa kulifanya kila gari lifanane na siku ya kwanza, alama nyingi za maisha ya waliolipanda zilifutwa, na zilizofutwa hazirudi. Gari la Safari lingekuwa limenyooshwa, lingekuwa 240Z nzuri mfano wa nyingine nyingi. Na mashimo ya njia za Afrika Mashariki yangebakia katika vitabu peke yake. Mbonyeo ule ni shahidi, na kumnyamazisha shahidi ili uso upendeze ni dhulma, hata kama aliyedhulumiwa ni mtu ambaye bado hajazaliwa, atakayetaka siku moja kujua mambo yalikuwaje.

Sisemi kwamba kutu iachwe kwa kuwa nayo ni historia. Kutu inayoila reli ya sakafu itamuua dereva, na uhai wa mtu umetangulia kila kumbukumbu. Wala sikubaliani na anayelifungia gari ndani ya chumba kikavu asiliwashe kamwe, kwa maana petroli hugeuka utomvu ndani ya kabureta, sili hukauka zikapasuka, na breki zikagandamana. Gari lisilotembea linaharibika kwa adabu, lakini linaharibika. Milki ya kitu ambacho kitamtoka mwenyewe mkononi, na kikaendelea kwa wengine, inakaribia kuwa amana, na mwenye amana anaruhusiwa kutumia kwa sharti ya kutopoteza.

Basi nimwonapo mmiliki mwangalifu akipiga picha kabla ya kukata, akaandika tarehe na jina la fundi kwa ndani ya bati jipya mahali ambapo zulia litafunika, na kipande kilichooza akakihifadhi kwa karatasi ya mafuta, naona kuwa ametimiza zaidi ya ufundi. Huulizwa pia kama ni halali kuziondoa pointi za distribyuta, ambazo huchakaa na kutaka kurekebishwa kila mara, na kutia mahali pake mfumo wa kielektroniki unaowasha injini asubuhi ya baridi bila ya taabu. Kwangu ni halali, tena sioni karaha, maadamu hakuna tundu lililotobolewa wala waya wa asili uliokatwa, na zile pointi zenyewe, pamoja na kondensa yake na skrubu zake, zimo ndani ya kisanduku chenye maandishi, chini ya kiti cha abiria, zikimngojea atakayekuja kulinunua gari na kutaka kuzirudisha.