Watoto wenye ulemavu: Nani atawafikisha darasani?



Ndugu zangu Waislamu, Sura Abasa wengi wetu tumeihifadhi tangu tukiwa watoto chuoni. Tunajua iliteremka kwa sababu ya kipofu, Abdallah bin Ummi Maktum, aliyemjia Mtume (saw) wakati akizungumza na wakubwa wa Kiquraishi. Lakini tukiisoma haraka haraka linatupita jambo moja. Yule kipofu hakuja kuomba sadaka. Alikuja kuomba kufundishwa.

Nayasema haya baada ya kutembelea wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu, na huko nilialikwa kwa darsa. Baada ya swala ya Ijumaa mzee mmoja alinieleza kuwa ana mtoto kiziwi mwenye umri wa miaka kumi na mmoja. Nikamuuliza anasoma wapi. Akanijibu: “Atasoma nini, ustadhi, na hasikii?”

Ni rahisi kumlaumu mzee huyu. Shule ya kijiji ipo, na elimu ya msingi haina ada tangu Januari 2016. Lakini mwalimu asiyejua lugha ya alama atamfundisha nini mtoto yule katika darasa lililojaa? Shule za mkoa huo zinazojulikana kwa kazi hii, Mugeza Viziwi na Mugeza Mseto, ziko Bukoba, zaidi ya kilomita 200 kutoka Ngara. Mkulima wa maharage na migomba atafute nauli yake na ya mtoto, kila shule inapofunga na kufungua.

Na ipo hofu. Mei 2024, wilayani Muleba, mkoa huo huo, mtoto wa miaka miwili mwenye ualbino aliporwa nyumbani kwao, na mwezi uliofuata akapatikana ameuawa. Baada ya hapo, mzazi akimfungia mwanawe ndani utamwambia nini?

Lakini tuangalie gharama ya kufungiwa huko. Nyumbani kwa mzee yule wanazungumza Kihangaza, shuleni Kiswahili, madrasa Kiarabu. Mtoto wake hana hata lugha moja. Anarukuu na kusujudu kwa kumtazama baba yake. Kwa nini anasujudu, na kwa nani, hakuna aliyepata njia ya kumweleza. Hilo lilinikosesha usingizi kuliko suala la mitihani na vyeti.

Sheria haina tatizo. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, ambayo inatamka haki yao ya elimu. Tatizo ni kwamba halmashauri hupanga walimu na vitengo vya elimu maalumu kwa kuangalia idadi ya watoto waliopo katika orodha. Mtoto aliyefichwa hayumo. Kwa kuwa hayumo, kitengo hakifunguliwi karibu naye. Na kwa kuwa kitengo hakipo, mzazi haoni sababu ya kumwandikisha. Duara hili nani atalikata?

Kabla hatujaigeukia serikali, hebu tujiulize sisi. Ni madrasa ngapi hapa mijini zenye msahafu wa nukta nundu? Hotuba ya Ijumaa inatafsiriwa kwa lugha ya alama katika misikiti mingapi? Tunachangishana zulia jipya hali la zamani halijachakaa.

Tumuangalie tena Ibn Ummi Maktum. Mtume (saw) alimuachia Madina awaswalishe watu, na akawa muadhini pamoja na Bilal (ra). Katika Ramadhani, watu wa Madina walikula daku mpaka waisikie adhana yake. Kipofu ndiye aliyekuwa akiutangazia mji mzima kuwa alfajiri imeingia! Aliwezaje? Hadithi inaeleza kuwa hakuadhini mpaka aambiwe kuwa kumepambazuka. Jamii ilimpa kazi, na ikampa pia mtu wa kumwambia. Huduma ya elimu maalumu ndiyo hiyo hiyo.

Basi imamu wa Ngara au Biharamulo, na wa Temeke vile vile, aulize baada ya swala, kabla uandikishaji wa darasa la kwanza haujafungwa: nyumba gani ina mtoto asiyekwenda shule kwa sababu ya macho, masikio, miguu au akili? Majina yapelekwe kwa mwalimu mkuu na kwa ofisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri, tena yapelekwe kwa maandishi, na nakala ibaki msikitini. Nawe msomaji wa mjini unayetafuta pa kuipeleka zaka yako, mzazi fukara anayekosa nauli ya kumfikisha mwanawe Bukoba ni katika wanaostahiki. Muulize imamu wa huko, atakuonesha nyumba.