Thamani ya Safari

Kabla ya Uhuru wa 1961, vijana wengi wa mwambao wa Ziwa Nyasa waliacha mitumbwi wakaenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Je, safari ile ilikuwa na faida? Mshahara peke yake hautoshi kutujibu. Tutazame milima ya Mbinga, kwa jirani zao Wamatengo. Katika kilimo cha ngoro, mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba. Mwanamke huzifukia kwa udongo. Mume akiondoka, kazi zote mbili humlemea mke. Hatumkatazi kijana kuondoka, kwani wahenga walisema tembea uone. Bali twasema: apimaye faida ya safari na aweke mizanini jasho la abakiye, tena amwulize kabla ya kufunga mzigo.