Gugu Karoti Haling'oki kwa Bidii Peke Yake

Katika mitaa mingi ya Tanzania, Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi. Watu hutoka na mafyekeo, majembe na mifagio, na jua likianza kuwaka kiwanja kilichokuwa pori huwa kimeshafyekwa chote. Moyo huo ni wa kuheshimiwa. Hata hivyo, penye mimea yenye sumu, bidii isiyo na maarifa hueneza kilekile inachokusudia kukiondoa, na humtia hatarini mtu aliyejitokeza kwa nia njema. Ushahidi tunao katika gugu karoti, mmea wenye asili ya bara la Amerika uliobainika Arusha mwaka 2010, na ambao husafiri kwa matairi ya magari, mchanga wa ujenzi na maji ya mvua. Hupenda ardhi iliyovurugwa: kando ya barabara, kingo za mitaro, viwanja vya wazi vya mtaa. Ndiko watoto wanakochezea.

Kazi ya kwanza, basi, ni kulitambua. Likiwa changa, majani yake yaliyochanika kama ya karoti hutandaa chini kwa duara na kuzinyima nyasi nafasi. Baadaye hutoa shina lenye mifereji na vinyweleo, linaloweza kupita kimo cha mtu, likigawanyika matawi sehemu ya juu na kubeba maua meupe madogo kuliko punje ya hindi, kila ua likiwa na pembe tano. Majani hayo yanaweza kumchanganya mtu na pakanga, mmea wa dawa unaopandwa majumbani. Kwa hiyo asiye na hakika amwite bwana shamba au bibi shamba kabla ya kugusa. Kulijua kunaamua pia saa ya kulishughulikia. Gugu hili huchanua wiki 4 hadi 8 tu baada ya kuota, na mmea mmoja unaweza kutoa mbegu 15,000 au zaidi. Ukilifyeka likiwa na maua yaliyokomaa, umezipanda mbegu hizo kiwanja kizima. Ukilifyeka kabla ya maua, kisiki huchipua na kuchanua upya.

Njia salama ni kuling'oa na mzizi wake kabla halijachanua, ardhi ikiwa na unyevu wa mvua, kwa glavu, nguo za mikono mirefu, viatu vya kufunika mguu na barakoa. Lililokwisha kuchanua litiwe kwenye kiroba papo hapo bila kukung'utwa, na kiroba kifungwe. Wenye pumu wakae mbali, na wanafunzi wasipangiwe kazi hii hata kidogo. Mahali palipobaki wazi papandwe nyasi mara moja, maana udongo mtupu ni mwaliko kwa mbegu zilizobaki.

Wapo watakaosema wamelishika kwa mikono mitupu miaka yote na hawajadhurika. Hoja hiyo inasikika ina nguvu, lakini mzio wa ngozi unaoletwa na sumu ya gugu hili hujijenga kwa kuligusa mara kwa mara. Ngozi iliyonyamaza mwaka huu yaweza kuwasha na kuvimba mwakani. Chavua yake nayo huamsha mafua ya mzio na pumu hata kwa jirani asiyewahi kuligusa. Wengine watasema tupulizie dawa, yaishe. Dawa ina nafasi yake mikononi mwa mtaalamu, ila baadhi yake huua na nyasi zilizokuwa zikilibana gugu, na kiwanja cha watoto si mahali pa kubahatisha sumu juu ya sumu. Wapo pia wanaosema hii ni kazi ya halmashauri. Ni kweli halmashauri ina wajibu wake, nasi tuudai. Lakini mmea unaochanua ndani ya mwezi mmoja au miwili hausubiri bajeti, na macho yanayopita hapo kila siku ni ya wakazi.

Ninachokitetea ni aina ya kujitolea inayomjali mwenye kujitolea. Tumezoea kupima uzalendo wa siku ya usafi kwa wingi wa watu na ukubwa wa eneo lililofyekwa, wakati kipimo cha haki ni kama kiwanja kimekuwa salama na kila aliyekuja amerudi nyumbani mzima. Mwenyekiti wa mtaa anapotangaza siku hiyo, atangaze pia tunang'oa nini, kwa vifaa gani, nani asishike, na akina nani watarudi baada ya wiki tatu kung'oa machipukizi. Matangazo hayo hayagharimu chochote, na jirani aliyeacha shughuli zake ili atumikie wenzake anastahili kuyapata kabla hajainama kushika shina la kwanza.