Asilimia Tatu ya Nani?

Mwaka 2023 watu 56,937 waliomba kuingia mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Harvard, na 1,942 wakakubaliwa. Ukigawa unapata asilimia 3.4. Hesabu hiyo haina ubishi. Ubishi unaanza pale kijana wa Eldoret au Tanga anapoisoma na kusema, "Basi mimi nina asilimia tatu." Amechukua sifa ya umati akajivika yeye. Umati ndio wenye asilimia. Mtu mmoja hukubaliwa au hukataliwa, basi.

Wanafalsafa walilitafuna jambo hili zamani. John Venn, Mwingereza ambaye wanafunzi wanamfahamu kwa duara zake za seti, aliandika mwaka 1866 kwamba kila mtu yumo katika makundi mengi kwa wakati mmoja, na kila kundi lina kiwango chake. Je, tumhesabu katika kundi lipi? Richard von Mises alikwenda mbali zaidi miaka ya 1920: kwake, kuzungumzia uwezekano wa tukio moja la mtu mmoja hakuna maana yoyote, uwezekano ni wa mfululizo mrefu tu.

Mchukue kijana wetu umpitishe kwenye swali la Venn. Ni mwombaji wa Harvard. Ni mwombaji anayetoka nje ya Marekani. Anahitaji kulipiwa ada yote. Ana A katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari wa Kenya, amesoma shule ya kutwa, mama yake anauza mboga, na insha yake inahusu kutengeneza redio. Kila unapoongeza sifa moja kundi linapungua, na asilimia inabadilika, mara ipande, mara ishuke. Endelea hivyo mpaka ubaki na kundi la mtu mmoja, na hapo hakuna asilimia tena, kwa sababu hakuna wa kumlinganisha naye. Kundi likiwa pana, tarakimu ni imara lakini haimhusu. Likiwa jembamba linamhusu, ila tarakimu haipo. Sijaona aliyekwepa mtego huu, wakiwemo washauri wanaolipwa fedha nyingi kutabiri.

Kwa Harvard tunajua mambo ambayo kwa kawaida hufichwa, kwa sababu chuo hicho kilishtakiwa mwaka 2014, na kesi iliposikizwa Boston mwaka 2018 takwimu za udahili zikaanikwa mahakamani. Watoto wa waliowahi kusoma hapo walikubaliwa kwa takriban theluthi moja. Waombaji wengine kwa takriban asilimia 6. Wanamichezo walioteuliwa na makocha walikuwa na mlango wao, na watoto wa walimu wa chuo vilevile. Kwa hiyo asilimia ile moja inayotangazwa kila mwaka haikuwa ya yeyote. Fundi viatu akipima miguu ya nyumba nzima, kisha akashona jozi zote kwa wastani wake, baba zitambana na mtoto zitampwaya.

Wapo walioelewa hili mapema wakalitumia. Mwaka 2004 Mike Boit, Mkenya aliyepata medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich, alianzisha pamoja na Mmarekani John Manners mpango wa KenSAP wa kuwasaidia vijana wa Bonde la Ufa waliofaulu vizuri sana kuingia vyuo vya Marekani. Katika mchujo, vijana hao wa alama za juu walitakiwa pia kukimbia mita 1,500 huku wakipimwa muda. Wengine walicheka. Mimi naona akili kubwa: waandaaji walijua kwamba kijana yuleyule, akigundulika kuwa mkimbiaji, anahama kutoka umati mmoja hadi mwingine bila kuongeza hata alama moja ya hisabati.

Sisi tuliolelewa na mitihani ya taifa tunapata shida kulikubali hilo. Anayeomba udaktari kupitia KUCCPS, taasisi inayogawa nafasi za vyuo Kenya, anashindana kwa pointi, na mwenye pointi zaidi anatangulia. Mashaka yapo, lakini ni mashaka ya mstari utakatwa wapi. Mfumo huo una dhuluma zake (shule hazilingani, na kila mtu anajua), ila unamruhusu mtahiniwa kusema, "Nimefikisha, nipeni." Harvard hakuna kufikisha. Katika kundi lililoomba kuingia mwaka 2015, Wamarekani zaidi ya 8,000 walikuwa na wastani kamili wa alama za shule, na waliokubaliwa wote, kutoka dunia nzima, walikuwa takriban 2,000. Kijana anayeuliza kama alama zake zinatosha anaweza kujibiwa ndiyo kwa moyo mweupe, na jibu hilo lisimwambie lolote kuhusu atakakokuwa Septemba.

Kuna usiku mmoja unaoonyesha vizuri uwezekano unaishi wapi. Mwishoni mwa Machi vyuo kadhaa vikongwe vya mashariki mwa Marekani hufungua majibu saa moja jioni kwao, yaani saa nane usiku kwetu. Kijana amekaa na simu, bado anapiga hesabu zake za asilimia. Lakini kamati ilikwisha kupiga kura. Ofisini hakuna uwezekano wowote uliobaki, kuna jina lililomo na jina lisilomo. Asilimia ambayo kijana anaishika saa saba na nusu imo kichwani mwake tu. Mwitaliano Bruno de Finetti alishikilia kwamba hali huwa hivyo siku zote: uwezekano hauko duniani, ni kipimo cha imani ya mtu asiyejua yote.

Nakubaliana naye, kwa sharti moja. Imani hiyo ifanye kazi. Makisio ya nafasi yako yanafaa kwa maamuzi: ulipie mtihani wa SAT au usilipie, uombe vyuo vingapi, ukatae nafasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi au Dar es Salaam kwa kusubiri au ushike ulichopewa. Kwa maamuzi hayo hata makisio ya kubabaisha ni bora kuliko ndoto. Nje ya hapo hayana kazi. Anayeyatumia kupima thamani yake, kabla ya jibu au baada yake, anapima uzito kwa rula.

Na hata katika maamuzi kuna kosa moja ambalo wanafunzi hodari wa hesabu hulifanya zaidi kuliko wengine. Mmoja anasema: kila chuo ni asilimia 5, nitaomba kumi, basi nafasi ya kupata angalau kimoja ni asilimia 40. Hesabu ni sahihi ikiwa kila chuo kinaamua kama sarafu inayorushwa peke yake. Lakini vyuo vyote kumi vinasoma faili lileile. Barua ya mwalimu ya kumpendekeza ni moja, na insha, hata ikibadilishwa kichwa, ni ya mkono uleule. Barua hiyo ikiwa baridi, itakuwa baridi katika vyuo vyote kumi. Kuomba vingi kunasaidia, lakini si kwa kiwango ambacho kuzidisha kunaahidi.

Mwanafalsafa wa Harvard yenyewe, Michael Sandel, alipendekeza katika kitabu chake cha mwaka 2020 kwamba wanaostahili wachujwe kwanza, kisha washindi wapatikane kwa bahati nasibu. Yeye anataka kuvunja kiburi cha waliopata na fedheha ya waliokosa. Mimi napenda pendekezo hilo kwa sababu nyingine: ndani ya chungu cha kura, na humo tu, asilimia ingekuwa kweli ya kila aliyemo. Sidhani vyuo vitakubali. Kamati ambayo imezoea kuchagua mpiga zeze huyu na mtoto wa mfadhili yule haitakubali kutia mkono chunguni ikiwa imefumba macho.

Kipo kidogo kinachowezekana sasa. MIT huchapisha kila mwaka idadi ya waombaji kutoka nje ya Marekani na idadi ya waliokubaliwa kati yao, na tofauti inashtua: kwao ni takriban asilimia 2, wakati kwa waombaji wote huwa kati ya 4 na 5. Vyuo vingine vifuate, na viende mbele zaidi kwa kuonyesha kando takwimu za wanaohitaji kulipiwa ada yote. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hutangaza kwamba hazitazami uwezo wa kulipa wa mwombaji, hata akiwa mgeni; vyuo vingi vingine huutazama, na huko ndiko tarakimu ya kundi hilo inahitajika zaidi. Mtoto wa Kwale anayekopa nauli kwenda Mombasa kufanya SAT ana haki ya kuonyeshwa kiwango cha kundi lake kabla ya kulipa, na ofisi za udahili zinacho tayari kwenye kompyuta zao. Wakitoe.